Dirisha lisilobisha hodi linavyoifanya ‘Sawa’ kuwa neno tupu

Kwa Waswahili, mlango wa mwenzio hausukumwi tu. Mgeni hubisha hodi, akangoja. Akiitikiwa “karibu” huingia. Asipoitikiwa hubisha tena, na hodi ya tatu ikipita kimya, hugeuka akaenda zake bila kinyongo. Hata njiani, anayelazimika kupita katikati ya watu wawili wanaozungumza hutanguliza “samahanini”. Adabu hii hatukufunzwa darasani, tuliikuta nyumbani. Swali langu katika makala haya ni hili: mbona haijafika kwenye skrini za simu na kompyuta zetu?

Kila mtumiaji wa simu anajua ninachozungumzia. Unasoma habari, umefika panapokolea, mara paa! Dirisha limezuka, limefunika ukurasa, linakutaka ujisajili upate taarifa kila siku. Hujamaliza kulifunga hilo, jingine linakuomba ukubali vidakuzi. Unajaza fomu mtandaoni kuomba huduma fulani, na kabla hujafika mwisho unaulizwa iwapo umeifurahia huduma ambayo bado hujaipata. Basi unafanyaje? Unatafuta alama ya kufungia, na ukiikosa unabofya “Sawa” ili balaa likuondokee.

Huenda msomaji akashangaa: haya mambo ya wahandisi wa kompyuta yameingiaje katika safu ya lugha? Yameingia kwa sababu dirisha hilo ni tendo la usemi. Linaarifu, linaonya, linauliza, linaomba idhini. Limeundwa kwa maneno na linadai jibu. Yanayotuudhi kwalo ni yale yale yanayotufanya tumwone binadamu kuwa msemaji mbaya: kukata wenzake kauli, kusema lisilohitajika, kuuliza jambo ambalo jibu lake analo. Na dhara lake kubwa ni la kilugha pia. Likituuliza ovyo na kila mara, linatuzoesha kukubali bila kusoma. Neno la kukubali likishaisha maana, wapo wanaopoteza pesa, kazi na faragha.

Tuanze na jina. Wanaotafsiri programu za Google kwa Kiswahili hutumia “dirisha ibukizi”. Istilahi hii imeundwa kwa ustadi. Kuibuka ni kutokeza juu ya maji kwa kitu kilichokuwa kimezama, na hivyo ndivyo dirisha hili linavyofanya: lilikuwa chini, hukuliona, ghafla liko usoni. Ingewezekana pia kusema “dirisha zuka”, ila “zuka” linatukumbusha mzuka, ingawa kuna siku mimi huona hilo ndilo jina linalolifaa hasa.

Istilahi inayonitia shaka ni “kisanduku cha mazungumzo”, iliyotafsiriwa moja kwa moja kutoka Kiingereza. Mazungumzo ni kupokezana. Katika kisanduku hiki upande mmoja ndio unaosema, na wa pili umepewa vitufe viwili vya kubofya. Huwezi kuuliza “kwa nini?” Huwezi kusema “ngoja kidogo nimalize”. Tena lipo lile la aina kali zaidi, linalofunga kila kitu kilicho nyuma yake hadi ulijibu. Nitaliita dirisha kizuizi. Hilo ni amri iliyovalishwa kanzu ya swali.

Mwaka wa 1974, wanazuoni watatu wa Marekani, Harvey Sacks, Emanuel Schegloff na Gail Jefferson, walichapisha katika jarida la Language makala kuhusu jinsi watu wanavyopokezana zamu za kusema. Walionyesha kuwa mazungumzo ya kawaida, hata yakionekana kama fujo, yana mpangilio. Msikilizaji haingii popote. Husikiliza mahali ambapo kauli ya mwenzake inaweza kukoma, na hapo ndipo huchukua zamu. Mwaka uliofuata, mwanafalsafa H. P. Grice alichapisha kanuni zake za ushirikiano katika mazungumzo: sema kiasi kinachohitajika, sema kweli, sema linalohusika, na useme kwa uwazi. Ukiyapima madirisha ya simu yako kwa vigezo hivi, hutashangaa kwamba yanaudhi. Hayangoji zamu, husema mengi kupita kiasi, aghalabu hayahusiani na unachokifanya, na lugha yake ni ya kiwandani.

Kitufe cha “OK” chenyewe kina kisa ambacho mwanaisimu hawezi kukipuuza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wahandisi wa kampuni ya Apple walikuwa wakiunda kompyuta iliyoitwa Lisa, ambayo iliingia sokoni 1983. Kitufe cha kuthibitisha walikiandika “Do It”, yaani “fanya”. Walipowaketisha watu wa kawaida mbele ya mashine ili wawatazame wakiitumia, mmoja wao alikasirika na kuuliza kwa nini kompyuta inamtukana. Herufi kubwa ya I katika mwandiko ule ilifanana na l ndogo, na nafasi baina ya maneno mawili haikuonekana vyema. Yeye alikuwa amesoma “dolt”, yaani mpumbavu. Kitufe kikabadilishwa kikawa “OK”. Kisa hiki kimesimuliwa na Andy Hertzfeld, mmoja wa waliounda kompyuta ya Macintosh. Zaidi ya miaka 40 baadaye, neno hilo lingali pale pale, nasi tumelifasiri kuwa “Sawa”.

Na hapo ndipo tatizo letu wenyewe linapoanza. “Sawa” hubeba mizigo miwili tofauti. Mwenzangu kazini akiniambia kikao kimeahirishwa, nikajibu “sawa”, nimesema tu kwamba nimesikia. Muuzaji akiniambia bei ni Sh500, nikajibu “sawa”, nimefunga mapatano. Ana kwa ana, sauti na uso hutenganisha maana hizi. Skrini haina uso. Kitufe kile kile cha “Sawa” huwekwa chini ya “Betri imejaa”, huwekwa chini ya “Hitilafu imetokea, kazi yako haikuhifadhiwa”, na huwekwa chini ya “Programu hii itasoma majina na nambari zote zilizo katika simu yako”. La kwanza ni taarifa, la pili ni tanzia, la tatu ni mkataba. Jibu limekuwa moja. Jamani, kazi ya saa tatu imepotea, sawa ni ipi hapo?

Wahenga walisema mazoea yana taabu, na wanasayansi wamelithibitisha hilo ndani ya ubongo. Mwaka wa 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young nchini Marekani, wakiwemo Bonnie Anderson na Anthony Vance, walichapisha utafiti ambapo waliwaweka watu katika mashine ya kupiga picha ubongo unapofanya kazi, wakawaonyesha maonyo ya usalama wa kompyuta tena na tena. Shughuli katika sehemu za ubongo zinazochakata kinachoonekana ilishuka sana hata kwenye mara ya pili tu. Kwa hivyo tukisema “watu hawasomi maonyo kwa sababu ni wavivu”, tunawaonea. Ubongo huacha kuangalia unachofikiri tayari unakijua.

Mwaka wa 2016 watafiti wa chuo hicho, wakishirikiana na wahandisi wa kivinjari cha Chrome, walichunguza suala la wakati. Ujumbe wa usalama ulipozuka mtu akiwa njiani kufunga ukurasa, asilimia 74 waliupuuza. Ulipozuka akitazama video, asilimia 79. Ulipozuka akiwa ananakili msimbo wa kuthibitisha kutoka mahali pamoja hadi pengine, asilimia 87. Ujumbe huo huo ukingoja hadi video iishe, au ukija mtu akisubiri ukurasa ufunguke, huzingatiwa zaidi. Tazama jinsi matokeo haya yanavyokubaliana na wale wanazuoni wa 1974. Anayeingia mwishoni mwa kauli husikilizwa; anayekata kauli hupuuzwa, hata akiwa na habari ya maana.

Mfano wa hadharani ni wa Windows Vista, ambayo Microsoft iliitoa kwa umma Januari 2007. Ilikuja na mlinzi wake. Kila programu ilipotaka kugusa sehemu nyeti za kompyuta, skrini ilififia na dirisha likamuuliza mwenye kompyuta iwapo anaruhusu. Nia ilikuwa njema: kuzuia virusi na programu haramu. Lakini maswali yalikuja kwa wingi, hata kwa mambo madogo, watu wakaanza kubofya ndiyo kwa mazoea, na wengine wakamzima mlinzi kabisa. Katika Windows 7 ya mwaka wa 2009, kampuni hiyo ilipunguza maswali na kumpa mtumiaji nafasi ya kuchagua kiwango cha kuulizwa. Ni ile hadithi ya kale ya mvulana mchungaji aliyepiga mayowe ya uongo hadi siku mnyama alipokuja kweli na hakuna aliyetoka nyumbani. Tofauti ni kwamba mvulana yule alikuwa akicheza. Huyu mlinzi alikuwa akifanya kazi kwa bidii kupita kiasi.

Nami nina ushahidi wangu mdogo. Muhula mmoja nilikuwa nikiingiza alama za wanafunzi katika mfumo wa kompyuta wa taasisi ambayo sitaitaja. Baada ya kila alama, dirisha lilizuka: “Una uhakika?” Darasa lilikuwa na wanafunzi zaidi ya 100. Kufikia mwanafunzi wa kumi, kidole kilikuwa kimejifunza njia na macho yalikuwa yamestaafu. Dirisha lile halikuniongezea uangalifu hata chembe. Kama lingalinionyesha orodha nzima mwishoni, jina na alama, kisha likaniuliza kama naiwasilisha, ningaliisoma mstari kwa mstari.

Lakini kuuliza si ujinga, msomaji atasema. Si afadhali mashine inayouliza kuliko inayotenda bila kuuliza? Hoja hii ina uzito, na ndiyo maana inafaa tutofautishe mambo mawili: yale yanayoweza kurekebishwa na yale yasiyoweza.

Maji yakimwagika hayazoleki. Hiyo ni sheria ya dunia, lakini kompyuta ni mahali ambapo mara nyingi maji yanaweza kuzolewa. Faili ikitupwa inaweza kuwekwa kwanza katika pipa la taka, ikakaa humo hadi mwenyewe aamue kulimwaga. Kwa hivyo hakuna haja ya kumsimamisha mtu na kumuuliza kama kweli anataka kuitupa. Mwache aitupe, kisha mpe njia ya kutengua. Huduma ya barua pepe ya Gmail ilianza mwaka wa 2009 kujaribu njia ya kutengua utumaji, na mwaka wa 2015 ikaifanya kuwa sehemu rasmi ya huduma. Ukishatuma, ukanda mdogo hutokea pembeni kwa sekunde chache ukikuonyesha kwamba unaweza kuirudisha barua. Ukanda huo hauzibi kitu, haudai jibu, na usipouhitaji huondoka wenyewe. Huyo ni mgeni aliyebisha hodi.

Programu za uandishi za siku hizi zimefuata mkondo huo. Zamani ukifunga waraka uliulizwa kama unataka kuuhifadhi, na wangapi walibofya “Hapana” kwa haraka wakalia? Google Docs huhifadhi kila unachoandika palepale na kutunza matoleo ya awali, hivyo swali lenyewe limekufa. Jef Raskin, aliyeanzisha mradi wa Macintosh, alilitetea wazo hili katika kitabu chake The Humane Interface cha mwaka wa 2000: swali la kuthibitisha likishakuwa mazoea, jibu lake huwa sehemu ya tendo lenyewe, kwa hivyo halimkingi mtu. Kinachomkinga ni uwezo wa kurudi nyuma.

Zipo njia nyingine za upole. Mtu akikosea nambari ya kitambulisho katika fomu, maandishi mafupi kando ya kisanduku kile kile yanatosha. Hakuna haja ya dirisha kufunika fomu nzima, likafungwa, kisha mtu asahau liliandikwa nini. Tarehe isiyowezekana inaweza kufanywa isichagulike tangu mwanzo. Kazi ikikamilika salama, ukanda wa sekunde chache unatosha kumjulisha. Na kuna wenzetu wasioona, ambao husomewa skrini kwa sauti. Kwao dirisha la ghafla ni mtu anayekunyang’anya kitabu mkononi na kukupa kingine. Miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa wavuti, katika toleo lake la mwaka wa 2008, inajumuisha kigezo kwamba mtumiaji aweze kuahirisha au kuzuia ukatizaji, isipokuwa wa dharura.

Sasa tuje kwenye yale yasiyozoleka. Hapa Kenya tuna mfano mzuri, nao uko mifukoni mwetu. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, aliyekosea tarakimu moja ya nambari ya simu alikuwa amempelekea mgeni pesa zake. Kuzirudisha kulihitaji simu, maombi, na uungwana wa aliyezipokea. Mwaka wa 2015, Safaricom ilileta Hakikisha: jina la mpokeaji huonekana kabla pesa hazijaondoka, na mtumaji hupewa nafasi ya kusimamisha muamala.

Kwa nini dirisha hili halituudhi? Kwanza, linatukatiza kwenye jambo ambalo ni vigumu kulitengua. Pili, linakuja mwishoni mwa kauli yetu, tumeshataja nambari na kiasi. Tatu, na hili ndilo muhimu zaidi, linatuambia kitu ambacho hatukukijua. “Una uhakika?” halina habari ndani yake; ni wazi nina uhakika, ama nisingebofya. Lakini nikitaka kumtumia binamu yangu Otieno, halafu skrini ioneshe jina la Wanjiku, nitashtuka. Jina la mtu ni habari. Wahandisi wetu wakijifunza jambo moja tu kutoka kwa Hakikisha, liwe hili: usimkatize mtu kumuuliza kama anajua anachokifanya, mkatize kumwonyesha asichokiona.

Penye hatari kubwa zaidi, inafaa hata kumtoa mtu katika mazoea kwa makusudi. Mtandao wa GitHub, ambako wanaprogramu huhifadhi kazi zao, humtaka anayefuta hazina nzima ya msimbo aandike jina lake kwa mkono. Kidole hakiwezi kuandika jina bila macho kulisoma.

Ikibidi kuuliza, basi swali liulizwe kwa lugha inayoeleweka, na hapa ndipo walimu wa Kiswahili tunapohitajika. Kiswahili kina kaida yake ya kujibu maswali kanushi. Nikikuuliza “Hukuja jana?” nawe kweli hukuja, jibu la Kiswahili ni “Ndiyo, sikuja.” Unaiafiki kauli. Mwingereza hapo husema “No”. Fikiria basi dirisha lililotafsiriwa bila kufikiriwa: “Hutaki kuhifadhi mabadiliko?” likiwa na vitufe vya “Ndiyo” na “Hapana”. Aliyekulia katika kaida ya Kiswahili akibofya “Ndiyo” anamaanisha “ndiyo, sitaki”. Aliyezoea Kiingereza akibofya “Ndiyo” anamaanisha “nataka”. Nasi Wakenya, tunaoishi katika lugha mbili tatu kwa siku, tunaweza kuwa watu hao wote wawili kabla ya chakula cha mchana.

Kuna pia tatizo la “Ghairi”. Dirisha linauliza: “Je, unataka kughairi malipo?” Chini yake kuna vitufe viwili, “Ghairi” na “Sawa”. Sasa nikibofya “Ghairi”, nimeghairi malipo, au nimeghairi kughairi? Tiba ya matatizo haya yote ni moja, na ni ya sarufi: kila kitufe kibebe kitenzi chake na yambwa yake. “Simamisha malipo.” “Endelea kulipa.” “Futa picha.” “Usifute.” Aliyeruka swali lote akasoma vitufe peke yake bado ataelewa atendalo. “Ndiyo”, “Hapana” na “Sawa” haziwezi kusimama peke yake. Zinaegemea swali, na tumeshaona kwamba swali halisomwi.

Ujanja mwingine wa lugha ni ule wa kumwaibisha mtu ili akubali. Unapewa ofa, na kitufe cha kukataa kimeandikwa: “Hapana, sipendi kuokoa pesa.” Muuzaji wa gengeni akikwambia hivyo usoni, hutarudi kwake. Mtandaoni tumevumilia kwa sababu hatuoni nani anayetusema.

Hayo yote yangekuwa kero tu kama “Sawa” ya tatu, ile ya mkataba, isingekuwa na gharama. Wakenya wengi walipata kuijua gharama hiyo kupitia baadhi ya programu za mikopo ya simu. Mtu alikuwa na shida, akapakua programu, madirisha yakamjia moja baada ya jingine, naye akayabofya kama anayefukuza nzi. Katika mojawapo alikuwa ameruhusu majina na nambari zote za simu yake kusomwa. Malipo yalipochelewa, waliopigiwa simu na kutumiwa ujumbe walikuwa shemeji, mkubwa wa kazini, na rafiki aliyesoma naye zamani. Watu hao hawakuwa wamekopa wala kukubali chochote. Na mkopeshaji akiulizwa, jibu analo: mteja alibofya “Sawa”.

Hapo tunaona dirisha linafanya kazi nyingine, ya kuhamisha lawama. Mtengenezaji anajua watu hawasomi. Lakini akishauliza, mzigo umetoka begani mwake ukatua begani mwa aliyekubali. Ndiyo maana sheria imeanza kuliangalia neno hili la kukubali kwa jicho la mwanaisimu. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka wa 2019 inataka idhini iwe ya wazi, isiyo na utata, ya hiari, mahususi, na itolewe na mtu aliyefahamishwa. Kanuni za Benki Kuu za mwaka wa 2022 kwa wakopeshaji wa kidijitali zikawakataza kutumia orodha ya nambari zilizo katika simu ya mteja ili kuwatumia watu hao ujumbe malipo yakichelewa. Kule Ulaya, kanuni ya ulinzi wa data iliyoanza kutumika Mei 25, 2018, inaeleza katika utangulizi wake kwamba ombi la idhini kwa njia ya kielektroniki liwe wazi na fupi, na lisivuruge bila sababu matumizi ya huduma yenyewe. Oktoba 2019, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kisanduku kilichotiwa alama tayari kabla mtu hajakigusa si idhini.

Ajabu ni kwamba, licha ya maneno hayo mazuri, tovuti nyingi ziliitikia kwa kuongeza madirisha, na yale ya vidakuzi yakatufikia hata sisi. Kitufe cha kukubali kinang’aa. Cha kukataa kimefichwa ndani ya mipangilio, hatua tatu mbele. Sheria ilidai hiari, ikapata uchovu.

Ipo njia iliyo bora kuliko hiyo. Hadi mwaka wa 2015, simu za Android zilikuwa zikiomba ruhusa zote kwa mkupuo wakati wa kupakua programu: kamera, mahali ulipo, majina ya watu, ukubali zote au uiache. Toleo la 6 lililotoka mwaka huo lilibadilisha utaratibu. Programu huomba ruhusa inapoihitaji, moja moja, na mtumiaji anaweza kuiondoa baadaye. Ukitaka kupiga picha, ndipo inapoomba kamera. Ombi limekuja kwa zamu yake na sababu yake inaonekana. Na programu ya mikopo ikikuomba picha zako zote za simu, unaweza kujiuliza: za nini?

Nawasihi vijana wetu wanaounda programu hapa nchini wazingatie mambo machache kabla ya kuweka dirisha. Je, jambo hili linaweza kutenguliwa? Kama linaweza, usiulize, weka njia ya kutengua. Je, dirisha linamwambia mtu asichokijua? Kama halimwambii, liondoe. Je, amemaliza kauli yake? Kama hajamaliza, ngoja. Je, vitufe vinaeleweka bila swali? Kama havieleweki, viandike upya. Na je, kukataa ni rahisi sawa na kukubali? Kama si rahisi, hujaomba idhini, umeichukua.

Idara za Kiswahili nazo zisijitenge. Tumetumia miaka mingi tukibishana kuhusu istilahi za kompyuta, nomino kwa nomino, ilhali sentensi zinazowafunga watu mikataba zinaandikwa usiku na mtu mmoja aliye na kamusi ya Kiingereza. Mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada ya pragmatiki asiende mbali. Achukue simu ya mzazi wake, akusanye ujumbe wote unaozuka kwa wiki moja, kisha amsomee kila mmoja kwa sauti na kumuuliza alifikiri amekubali nini. Majibu atakayoyapata yatajaza tasnifu, na mengine yatafaa kupelekwa kwa Kamishna wa Data.